Mwaka wa Kayaba

Vijana, mnapitanga hapa kwangu na simu mkononi mnaniuliza, "Kuka, babu yetu, mwaka ujao watu watapanda nini nyumbani?" Halafu mnanionyesha picha za maua yenye rangi ambayo hata kinyonga angeogopa kuivaa. Mimi nacheka tu. Zamani hakuna mtu aliulizanga simu. Kakamega yote ilikuwa inaniuliza mimi. Na siwadanganyi, au nawadanganya kidogo tu: mwaka ujao ulikuwa haufiki mpaka mimi Andrea niseme ufike na mti gani.

Miaka ya tisini nilikuwa na nasari ya miche kando ya barabara ya kwenda Webuye, pale chini karibu na kijito. Nilikuwa na miche elfu hamsini. Haya, elfu tano. Mke wangu alikuwa akinisikia nikiwahesabia wateja, anaingia ndani ya nyumba akachekee huko.

Leo nitawaambia habari ya mti mmoja niliouza sana, unaitwa kayaba, na habari ya kina mama wawili niliowafungia njia kwa huo mti. Nitacheka katikati, ndiyo nimezaliwa hivyo, hata kwa harusi yangu pasta alinikanya mara tatu. Lakini msidhani kwa sababu nacheka hainiumi.

Kwanza mjue vile mambo yalikuwa. Kila Disemba watu wa Nairobi na Mombasa walikuwa wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Mtu akishuka na mizigo yake, jambo la kwanza ni kuangalia boma la jirani. Akiona kwa jirani kumeota kitu ambacho kwake hakipo, hiyo nyama ya Krismasi haishuki. Kesho yake asubuhi ako kwangu. "Mzee Andrea, mwaka ujao ni nini?"

Mimi sikuwahi kusema sijui. Nilikuwa nakunja uso kama daktari, naangalia mbali, halafu natamka. Mwaka mmoja nikasema ni botobrashi, ule mti wa maua mekundu kama brashi ya kuosha chupa. Mwaka mwingine nikasema ni nyanya za miti. Mwaka mwingine nikasema bogenvilia ya rangi ya chungwa, ile ya zambarau ni ya kizamani, ukiwa nayo watu watajua baba yako alikuwa chifu wa wakoloni. Wakang'oa za zambarau, wakapanda za chungwa. Zile za zambarau walizotupa nilipita nikaokota, nikakata vijiti, nikaotesha. Miaka mitatu baadaye nikawatangazia kwamba zambarau imerudi.

Siri yenyewe nilikuwa simwambii mtu. Mti wa mwaka ujao ulikuwa ule uliobaki kwangu bila kununuliwa. Basi. Nilikuwa nazunguka nasari mwisho wa Novemba, naangalia ni gani imenikalia sana mpaka mizizi inatoboa pakiti, hiyo ndiyo inakuwa fashoni.

Kuna mwalimu mmoja alitaka mti wa saipresi kwa geti yake niukate uwe na umbo la ingokho, jogoo kabisa, na mkia. Nikapanda ngazi na makasi. Nikakata mkia, nikakata kichwa, nikashuka kuangalia. Mwalimu naye akaangalia. Akasema, "Andrea, hii ni nguruwe." Nikamwambia, "Mwalimu, mwaka ujao ni wa nguruwe. Ingokho ziko kila mahali." Mnajua Krismasi iliyofuata watu wangapi walikuja kuniomba nguruwe? Nguruwe saba nilikata, kutoka hapa mpaka njia ya Butere. Mmoja alikuwa wa mzee wa kanisa.

Nilikuwa hivyo. Kila nikikosea, mdomo unaniokoa. Na mtu ambaye mdomo unamwokoa kila siku, hakuna siku anajifunza kuangalia mikono yake inafanya nini.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Lihanda. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa bustani ya Mzungu huko juu Likuyani, na alipozeeka akarudi hapa nyumbani akaanza nasari ndogo. Sisi hatukuwa na hizi karatasi nyeusi za kupanda miche. Tulikuwa tunaokota zile pakiti za maziwa za pembe tatu, tunakata kichwa, tunatoboa chini na msumari, tunajaza udongo. Udongo wa msitu sehemu tatu, mbolea ya ng'ombe iliyolala mwaka mzima sehemu moja. Unaushika mkononi, unafinya, unafungua. Ukibaki donge kama obusuma, ugali wetu, ongeza mchanga. Ukimwagika wote, ongeza mbolea. Mzee Lihanda alikuwa hata anauonja. Mimi nilionja mara moja nikasikia ladha ya ng'ombe wiki mbili.

Na mche usiutoe kwa kivuli moja kwa moja uende kwa jua la mteja. Unashtuka kama mtu amemwagiwa maji baridi akiwa amelala. Wiki mbili kabla ya kuuza, punguza majani ya kivuli juu yake, punguza maji, uache uteseke kidogo. Na ukiona mawingu meusi yamesimama juu ya msitu, wacha kila kitu ufunike nasari, kwa sababu mvua ya mawe ya Kakamega haina adabu. Kuna jiwe moja lilianguka kwangu, mbuzi akalipanda akidhani ni kilima.

Lakini jambo ambalo mzee Lihanda alirudia sana halikuwa la udongo. Alikuwa akiitwa kwa boma la mtu, hachimbi. Anaweka jembe chini, anakalia mpini, anaomba maji ya kunywa, anakaa hapo saa nzima akiangalia. Mimi namwambia, "Mzee, twende kazi, jua linapanda." Ananijibu, "Niko kazini. Naangalia watu wa hapa wanapitia wapi. Mti ukipanda mahali mguu ulikuwa unapita, mmoja wao utakufa." Mimi nilidhani anapumzisha mgongo. Alikufa nikiwa bado nadhani hivyo.

Sasa kayaba.

Kayaba ni mti wa fensi, una miiba mirefu kama sindano ya ng'ombe. Unachukua matunda yaliyoiva, unayakanyaga, unaosha mbegu, unazianika kivulini, unazipanda haraka kabla hazijakauka roho. Ukipanda fensi, panda mistari miwili, miche ikae kwa zigizaga, futi moja kati ya huu na huu. Ukifika goti, kata kichwa. Ukiuonea huruma usiukate, utakua juu na kuacha miguu wazi, kuku wapite chini. Lakini ukikata mapema na ukate tena, unanenepa chini, unafungana, baada ya miaka mitatu hata panya akitaka kupita lazima aandike barua.

Hiyo mwaka mteja mmoja mkubwa alikuwa ameniagiza kayaba nyingi sana. Nikaotesha. Halafu akabadilisha mawazo, akaweka seng'enge. Nikabaki na kayaba kila mahali, mpaka mlangoni kwangu, mke wangu akitoka kwenda kuchota maji inamshika leso. Disemba ikafika. Mnajua nilisema nini.

Mteja wa kwanza alikuwa Zakaria, kijana wa hapa hapa, alikuwa anafanya kazi ya ofisi Nairobi. Alikuja amevaa miwani ya jua na kulikuwa kunanyesha.

"Mzee Andrea, nipe kitu ambacho hakuna mtu hapa ako nacho."

"Mwaka ujao ni kayaba," nikamwambia. "Boma bila kayaba ni kama mtu amevaa koti na tai, chini hana suruali."

"Kwani Nairobi wanapanda hiyo?"

"Nairobi? Huko hata kuku ako na kayaba yake!"

Yeye ndiye alikuwa anatoka Nairobi, si mimi. Lakini mtu akiwa na miwani ya jua hataki kusema hajui. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, nimeziona." Akaagiza ya boma lote la mama yake.

Sasa mjue mashamba yetu yalivyo. Ni marefu na membamba kama mkanda, yanaanza juu kwa barabara yanateremka mpaka mtoni. Mama yake Zakaria, Mama Selina, alikuwa anakaa chini karibu na mto. Na shamba la pili, ubavu kwa ubavu, lilikuwa la Mama Rispa. Hao wawili walikuwa wake wa mume mmoja. Mzee wao akiwa hai, walipigana vita ambayo serikali haikuandika. Kuku wa huyu hakanyagi kwa yule. Mmoja akipika samaki, mwingine anafunga dirisha. Lakini mzee alipokufa, vita ikakosa mwenyewe. Wakaangaliana siku moja, wawili tu, wamezeeka, na Mama Rispa alikuwa na wasichana peke yake, wote wameolewa mbali, huyu Butere, huyu Mayoni. Mama Selina akavuka na kaa la moto kwenye kigae, akamwashia. Kutoka hiyo siku wakawa wanakula pamoja. Jioni mmoja anapika obusuma, mwingine mboga ya mrenda, kesho wanabadilishana. Asubuhi chai kwa huyu, mchana viazi kwa yule.

Mpaka kati yao ulikuwa miti ya lusiola imesimama mbali mbali, kama watu wanangojea gari. Na katikati ya miti miwili kulikuwa na njia. Nyasi zilikuwa zimekataa kuota hapo. Niliiona. Mimi mwenyewe niliiona, sikuambiwa.

Nikafunga kamba kutoka barabarani mpaka mtoni, nikavuta ikalia kama gitaa. Nikaanza kuchimba. Mama Selina akaniletea uji. Mama Rispa akapita na njia yake akiwa na ungo wa mboga, akafika kwa kamba, akasimama.

"Andrea, mwanangu, hapa njia yangu si utaniachia?"

Nikamfungulia mdomo. Hapa mbele mnaona meno hayapo, hata wakati huo hayakuwepo. "Mama Rispa, fensi yenye mwanya ni kama hii kinywa. Unaona vile upepo unaingia? Hata uji unatoka!"

Alicheka akashika mti wa lusiola asianguke. Mama Selina akacheka mpaka akamwaga uji. Na mimi nikacheka, nikachimba shimo katikati ya njia, nikapanda.

Vijana, mtu akiuliza swali, na wewe ukamchekesha, hajajibiwa. Mimi niliona amecheka nikadhani tumeelewana.

Mwaka wa kwanza haikuwa shida. Kayaba ilikuwa ya kifundo cha mguu. Walikuwa wanaruka. Nilipokuja kukata vichwa nilimkuta Mama Rispa ameinua leso, sufuria ya mboga kichwani, anavuka kama anavuka mto.

"Andrea, nitaruka mpaka lini?"

"Mpaka Zakaria akununulie ndege, Mama."

Tena akacheka. Alikuwa mtu mzuri wa kucheka, yule. Mimi wateja kama hao nilikuwa nawapenda sana.

Halafu ikaja ile mvua kubwa ya Elinino. Nyinyi hamkuwepo. Ilinyesha mpaka samaki wakaanza kuomba kivuli. Mahindi yalioza, barabara ikakatika, lakini kayaba! Ukiiangalia asubuhi na ukiiangalia jioni, kuna tofauti. Ikafika kiuno. Ikafika kifua. Nikakata, ikanenepa. Mimi nikaona hii sasa ndiyo kazi. Haikuwa na tundu hata la kupitisha mkono. Nikaanza kuleta wateja waione. Mtu akija nasari akisema ana shaka, namwambia, "Twende kwa Zakaria." Tunashuka mpaka kwa Mama Selina, namwambia mteja, "Tafuta mwanya. Ukipata mwanya nakupa miche bure." Anatafuta kutoka barabarani mpaka mtoni, anarudi mikono mitupu, ananunua.

Na upande huu, Mama Selina amesimama na bakuli, anangoja tumalize ili ampitishie Mama Rispa juu ya fensi.

Hivyo ndivyo walikuwa wanakula sasa. Huyu anainua bakuli juu, yule anapokea. Miiba ikawakwaruza mikono mpaka kwa kiwiko. Baadaye fensi ikapita vichwa vyao, hawaonani, wakawa wanaongea tu. Kila mmoja aliweka kigoda chake upande wake. Asubuhi Mama Selina anagonga sufuria na mwiko, ko ko ko, na Mama Rispa anagonga yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mulembe yao, salamu ya asubuhi.

Mtaniuliza, kwa nini wasizunguke? Kuzunguka ni kupanda kilima chote mpaka barabarani, halafu kuteremka chote upande wa pili. Nyinyi na magoti yenu mapya mnaweza. Mama Selina miguu ilikuwa inavimba. Akienda siku moja, analala siku mbili.

Siku moja nilikuja kupunguza fensi, niko na panga imenolewa mpaka inaweza kunyoa mtoto. Na mteja niko naye, mtu wa kutoka Lugari, anataka kuzungushia shamba lake la mahindi. Mama Selina akatoka ndani polepole na fimbo. Akanisalimia, akamsalimia mgeni. Halafu akanyoosha ile fimbo kwa fensi, pale pale njia ilikuwa.

"Andrea, toa miche miwili tu hapa. Miwili peke yake."

Mteja alikuwa ananiangalia. Fensi yangu isiyo na mwanya, na mimi ndiye mwenyewe nitoboe mbele yake?

"Mama," nikasema, "ukitoa miwili hapa, ng'ombe atapita, mwizi atapita, na Zakaria atanipitisha kortini. Mpaka Zakaria mwenyewe aseme."

Mteja akacheka sana. Mama Selina hakucheka. Akasema, "Sawa," akageuka, akaenda kukaa kwa kigoda chake.

Huyo mtu wa Lugari alinunua. Nilienda nyumbani nikipiga mluzi.

Na Zakaria sikumuuliza. Mnasikia? Alikuja Krismasi hiyo, alikuja Krismasi iliyofuata, tulikunywa chai pamoja, tuliongea habari ya mipira na siasa, sikumuuliza. Ningemuuliza na akubali, ningeharibu kazi yangu kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo ukweli, haina chumvi hata kidogo.

Asubuhi moja, mwaka ulikuwa unaelekea kuisha, Mama Selina akagonga sufuria. Ko ko ko. Kimya. Akagonga tena. Akaita, "Rispa! We Rispa!" Kimya. Akasikia kama kitu kinakwaruza chini, kama mtu anasogeza mguu, halafu hakuna. Mahali penyewe kutoka kigoda chake mpaka mlango wa Mama Rispa ni hatua kama ishirini. Alizipiga hizo hatua mara nyingi akiwa mzima, usiku na mchana, hajaanguka hata mara moja.

Akachukua fimbo akapanda kilima. Watu walimkuta barabarani amekaa chini, hana pumzi, anaonyesha na mkono tu. Vijana wakakimbia wakateremka. Mama Rispa alikuwa mlangoni, ameegemea mti wa mlango, amekufa. Chai yake ilikuwa kwa moto imekauka.

Watu wengi waliniambia, Andrea, ilikuwa ugonjwa wa roho, angekufa tu, hata daktari angekuwa kwa kitanda chake. Pengine. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa miche. Lakini angekufa na mtu ameshika mkono wake. Hiyo huwezi kuniondolea.

Siku ya mazishi tulijaa kwa boma la Mama Rispa. Wasichana wake walikuja wote. Mwili umelazwa nje chini ya turubai, watu wanaimba, wanaume wanamalizia kaburi. Zakaria pia alikuwa amekuja, hana miwani siku hiyo. Na Mama Selina hayuko. Baada ya ile kupanda kilima, miguu ilikuwa imevimba kama magogo, hawezi kuinuka. Alikuwa upande wa pili wa fensi, kwa kigoda chake, anasikiliza nyimbo.

Vijana wakasema wamlete na wilbaro, wazunguke na barabara. Tukasikia sauti yake kupitia kayaba, na watu waliokuwa wanaimba wakanyamaza.

"Mimi siendi kwa Rispa na wilbaro kama gunia la mahindi! Mimi niko na njia yangu!"

Zakaria akaniangalia. Akasema polepole, "Mzee Andrea, kwani kwa nini hukuacha njia hapa?"

"Sikuwa nimepata ruhusa yako," nikasema.

"Ruhusa yangu? Mimi nilikuambia uzibe njia ya mama zangu? Ungeniuliza ningekataa?"

Nikamwomba mtu panga. Sikwenda kuchukua makasi, sikufunga kamba. Nilianza kukata kutoka upande wa Mama Rispa, watu wote wananiangalia na suti zao za mazishi. Kayaba ikikomaa, mti wake ni mgumu, panga inaruka. Miiba iliniingia kwa mikono, iliniingia kwa kichwa, moja iliingia hapa karibu na jicho, mnaona hiyo alama. Zakaria akavua koti akaja, tukavuta matawi wawili. Nilidhani itachukua siku nzima. Wimbo ulioanza nikianza kukata haukuwa umefika mwisho vizuri, na mwanya ulikuwa umefunguka, ng'ombe wawili wangepita.

Mama Selina alikuwa amesimama upande ule. Hatujui alisimamaje. Akaja. Wasichana wa Mama Rispa wakataka kumshika, akaisukuma mikono yao. Alipita katikati ya yale matawi, akiangalia chini kama mtu anatafuta kitu alichoangusha, mpaka akafika kwa jeneza, akaweka mkono juu, akakaa.

Halafu akainua uso akanitafuta mimi, pale nimesimama na panga, damu inanitoka kwa sikio.

"Andrea," akasema, "kumbe inakatika."

Hakusema na hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Basi mngedhani imeishia hapo. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilirudi nyumbani nikiwa na miiba kama nungu, mke wangu alinitolea na sindano siku tatu, na kila mwiba akitoa ananiuliza, "Na huu ulikuwa wa mzaha gani?" Nilijiambia angalau nimefungua. Angalau sasa kuna njia.

Baada ya mwezi hivi, Mama Selina akatuma mtu aniite. Nikaenda mbio, nikadhani anataka niing'oe fensi yote, na ningeing'oa, hata na meno haya yaliyobaki. Nilimkuta kwa kigoda chake, anaangalia ule mwanya.

"Andrea, leta miche uzibe hapo."

Nilidhani sijasikia. "Uzibe, Mama?"

"Ziba. Kila nikitoka asubuhi naona mlango wake umefungwa. Nikitoka jioni, naona mlango wake umefungwa. Zamani nilikuwa nasikia tu, sioni. Ziba."

"Mama, tuache kidogo. Labda utazoea."

"Nilikuambia utoe ukakataa," akasema. "Sasa nakuambia uweke, utakataa tena?"

Nyinyi mnanijua. Mimi nina maneno ya kila kitu, hata kwa pasta, hata kwa polisi. Hapo niligeuka tu, nikapanda kilima.

Nilirudi nasari nikachagua miche minne, mizuri, iliyonyooka. Nikachimba mashimo, nikaweka mbolea iliyolala mwaka mzima, nikapanda kwa zigizaga vile napandanga. Yeye alikaa hapo ananiangalia mpaka nikamaliza, akaniambia asante, akaingia ndani.

Nimepanda miti mingi kuliko nywele zenu zote mkiwekwa pamoja, na kila mmoja niliuombea mvua. Hiyo minne peke yake ndiyo niliomba isishike. Sikuimwagilia hata tone. Nilikuwa napita barabarani naangalia chini kwa mbali, natumaini kuona majani yamekauka.

Ikashika yote minne.